Tunaitazama NBA kwa macho ya Simba na Yanga

Habari ya Luka Dončić, nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuondoka Dallas ilitua Arusha Jumapili asubuhi, tarehe 2 Februari 2025, muda mfupi baada ya saa mbili, Marekani kukiwa bado usiku. Watu waliokuwa wakijiandaa kwenda kanisani waliisoma kwenye simu, na wengi wakaamini akaunti ya mwandishi aliyeitoa imedukuliwa. Haikuwa imedukuliwa. Dallas Mavericks walikuwa wamempeleka Los Angeles Lakers kijana wa miaka 25 aliyewafikisha fainali Juni iliyotangulia. Wao wakapata Anthony Davis, Max Christie na haki ya kuchagua mchezaji raundi ya kwanza ya drafti ya 2029, yaani zamu za timu kuchagua vijana wanaoingia ligi.

Kaloleni kwa Pasua, swali la vijiweni lilikuwa moja: kwani Luka kafanya nini? Tumezoea kwamba anayeondoka ndiye mwenye kosa, kwa hiyo hata aliyeondolewa tunamtafutia la kwake. Nje ya uwanja wa Dallas mashabiki waliweka maua na jeneza karibu na sanamu ya Dirk Nowitzki, nyota wao wa zamani, na wao walijua wa kumlaumu: meneja mkuu Nico Harrison. Huku kwetu ilichukua siku kadhaa mjadala kufika hapo, na sababu ni kwamba mchezo huu tunausoma kwa kanuni za mchezo mwingine.

Sisi tumelelewa na soka, na soka lina sharti moja tulilolizoea hadi hatulioni tena: mchezaji hahami bila kusaini. Klabu mbili zinaweza kuelewana bei, lakini yeye na klabu mpya wasipoelewana mshahara na muda, biashara imekufa. Ndiyo maana Feisal Salum alipotaka kuondoka Yanga Desemba 2022, mvutano ulikwenda hadi Juni 2023 ndipo akatua Azam. Yanga walikuwa na mkataba wake, naye alikuwa na saini yake, na hakuna upande uliotosha peke yake. Clatous Chama alipovuka kutoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, mkono wake ulikuwa kwenye karatasi. Shabiki wa Msimbazi aliyenuna alikuwa na mtu halali wa kumnunia.

Katika NBA kinachohama ni mkataba. Timu moja inaukabidhi kwa nyingine ukiwa mzima, mshahara uleule, miaka ileile iliyobaki, vipengele vilevile, na mwenye mkataba anaufuata. Ni sawa na Coaster ya Moshi–Arusha kuuzwa pamoja na dereva wake: hesabu ya siku haibadiliki, ila kesho anaamkia njia ya Babati–Singida. Haombwi ridhaa. Akibahatika hupigiwa simu na wakala au meneja mkuu kabla habari haijatoka. Asipobahatika anaisoma mtandaoni kama sisi. Kinachoweza kuizuia biashara baada ya hapo ni vipimo vya afya. Februari hiyohiyo Lakers walimchukua Mark Williams kutoka Charlotte, vipimo havikuwaridhisha, wakamrudisha. Mchezaji akigoma kuripoti, timu inaweza kumsimamisha bila malipo.

Kinga ya kweli ni kipengele cha kukataa kuhamishwa, na kukipata ni shughuli. Lazima mchezaji awe na misimu minane katika ligi, minne kati ya hiyo na timu husika, na kipengele kiandikwe katika mkataba mpya anaousaini akiwa huru. Akiongezewa miaka juu ya mkataba ambao haujaisha, hakiruhusiwi kuingizwa. Kobe Bryant aliwahi kuwa nacho, Nowitzki pia, LeBron James pia. Ni orodha fupi, na timu zina sababu ya kutaka ibaki fupi. Mwaka 2022 Washington walimpa Bradley Beal dola milioni 251 kwa miaka mitano wakaweka na kipengele hicho. Mwaka mmoja baadaye wakataka kuanza kujenga upya, wakakuta anayechagua aende wapi ni Beal. Alikwenda Phoenix, na kipengele kikaenda naye, kwa sababu mkataba huhama na kila kilichomo. Phoenix nao walipotaka kumtoa, kiangazi cha 2025, hawakupata njia isipokuwa kumlipa aondoke. Alisamehe karibu dola milioni 14, akaenda Clippers.

Tanzania tuna mfano wetu, na ni ajabu hautajwi panapojadiliwa uaminifu. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili katika drafti ya 2009 na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry wa saba. Februari 2010 walimshusha ligi ya chini, Dakota. Februari 2011, msimu wake wa pili haujaisha, wakamhamishia Houston katika biashara iliyomrudisha Shane Battier Memphis. Machi 2012 Houston wakamsogeza Portland. Baadaye ndipo akacheza Oklahoma City. Hakuna aliyesema Memphis wamemsaliti, na kimahesabu hawakukosea: miezi miwili baada ya kumtoa, Grizzlies walioingia mtoano wakiwa wa nane waliwang'oa San Antonio walioongoza kanda ya Magharibi, Battier akiwa kikosini. Ila tukubaliane kipimo. Kama timu ikimtoa kijana baada ya msimu mmoja na nusu ni biashara, basi mchezaji akiondoka mkataba ukiwa umekwisha kabisa ni biashara zaidi.

Sasa pesa, maana ligi yenyewe imeandika bei ya kubaki.

Kila msimu kuna kikomo cha mishahara. Msimu wa 2025/26 ni dola milioni 154.6 kwa timu. Mshahara wa juu kabisa wa nyota hukatwa humo kwa asilimia kufuatana na umri wake katika ligi: asilimia 25 kwa aliye na misimu isiyozidi sita, 30 kwa mwenye saba hadi tisa, 35 kwa mwenye kumi na kuendelea. Timu yake inaruhusiwa kupita kikomo ili kumbakiza, kwa kile kinachoitwa haki za Bird, jina lililotokana na Larry Bird wa Boston. Haki hizo hukomaa baada ya misimu mitatu bila kukatwa (kuvunjiwa mkataba na timu) wala kuhama kama mchezaji huru, na zinasafiri naye akihamishwa. Timu yake inaweza kumpa miaka mitano na nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka. Timu nyingine ikimsajili akiwa huru inaishia miaka minne na asilimia 5. Nyongeza zote hupigwa kwenye mshahara wa mwaka wa kwanza, hazipandi juu ya nyongeza iliyotangulia.

Juu ya hayo, mkataba wa pamoja wa 2017 kati ya ligi na wachezaji ulileta supamaksi: mchezaji mwenye misimu minane au tisa anaruhusiwa kuruka moja kwa moja kwenye asilimia 35, iwapo yuko na timu iliyomchagua, au iliyompata akiwa bado kwenye mkataba wake wa kwanza. Anatakiwa awe ametajwa katika vikosi bora vya ligi msimu uliopita au mara mbili katika mitatu, au awe mlinzi bora wa mwaka kwa kipimo hichohicho, au mchezaji bora wa mwaka mara moja katika mitatu. Tangu 2023/24 tuzo hizi zina sharti la kucheza michezo 65, kwa hiyo msuli wa paja unaweza kumpotezea mtu mamilioni.

Tupige hesabu kwa kikomo hicho cha milioni 154.6. Asilimia 35 ni milioni 54.1 mwaka wa kwanza. Kwa nyongeza ya asilimia 8 na miaka mitano inafika takriban milioni 314. Akiondoka akiwa na misimu minane, asilimia 30 ni milioni 46.4, miaka minne kwa asilimia 5 ni kama milioni 199.5. Pengo linazidi milioni 114. Kweli, sehemu yake ni ule mwaka wa tano ambao angeweza kuulipwa kwingine, lakini mchezaji aliyewahi kuumia goti hawezi kuuhesabu mwaka huo kama wake.

Waliobuni supamaksi walidhani wamenunua uaminifu. Tazama wanne wa kwanza, wote wa kiangazi cha 2017: Curry na Golden State, Harden na Houston, Russell Westbrook na Oklahoma City, John Wall na Washington. Westbrook alihamishwa Julai 2019. Harden alitaka kuondoka, akaondoka Januari 2021. Wall alichanika kano ya kisigino mapema 2019, kabla miaka yake minne ya milioni 170 haijaanza kuhesabika. Msimu wa kwanza wa mkataba huo hakugusa mpira hata mchezo mmoja, na Desemba 2020 akabadilishwa na Westbrook, supamaksi kwa supamaksi. Kati ya wanne, aliyebaki ni Curry.

Kosa liko kwenye muundo. Asilimia 35 ya kikomo ikikaa kwa mtu mmoja, kikosi kilichobaki kinagawana kinachobaki, na mtu huyo akiumia au akishuka kidogo tu, hakuna timu nyingine inayoutaka mkataba wake isipokuwa yenye mzigo kama huo. Tangu 2023 hali imekuwa ngumu zaidi kwa sababu ya mistari miwili ya matumizi iliyowekwa juu ya kodi ya anasa, ile inayotozwa timu yenye mishahara mikubwa kupita kiwango. Msimu wa 2025/26 mstari wa pili uko kwenye milioni 207.8. Anayeuvuka haruhusiwi kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumleta mmoja mkubwa, hapati ile nafasi ya ziada ya kusajili mchezaji wa daraja la kati, na haki yake ya kuchagua raundi ya kwanza miaka saba mbele inafungwa. Boston walichukua ubingwa 2024. Kiangazi kilichofuata cha 2025, Jayson Tatum akiwa na kano iliyochanika, walimtoa Jrue Holiday kwenda Portland na Kristaps Porziņģis kwenda Atlanta. Mabingwa wa mwaka mmoja nyuma, na hakuna aliyekosa adabu; ni mstari tu.

Turudi kwa Dončić na hesabu hii mkononi. Kiangazi cha 2025 angefikisha sifa za supamaksi na Dallas, takriban milioni 345 kwa miaka mitano kuanzia 2026. Dallas walikuwa na mashaka na mwili wake na hali ya mazoezi yake, hawakutaka kulipa, na pia hawakutaka kufika mezani waonekane wanakataa. Wakamtoa miezi mitano kabla. Kwa kumtoa waliifuta haki yake ya supamaksi, maana haki hiyo haisafiri na mtu aliyehamishwa baada ya mkataba wa kwanza. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. California kwa kipato kama chake inazidi asilimia 13. Kijana alipoteza fedha nyingi sana kwa uamuzi ambao hakuulizwa.

Na tazama alivyojibu, kwa sababu hapa kuna ufundi. Agosti 2025 alisaini Lakers miaka mitatu kwa milioni 165, akaacha mwaka wa nne aliokuwa na haki nao. Mwaka wa tatu, 2028/29, ni wa hiari yake. Kiangazi cha 2028 atakuwa ametimiza misimu kumi, yaani asilimia 35 bila kuhitaji timu yoyote imwonee huruma. Wapo walioandika kwamba Luka ameonyesha mapenzi kwa Lakers. Alichoonyesha ni kwamba anajua kusoma kalenda. Na kwa kuwa ile ni nyongeza ya mkataba, kipengele cha kukataa kuhamishwa hana.

Upande wa Dallas mambo yalikwenda mrama mapema mno. Davis aliumia katika mchezo wake wa kwanza. Mwezi uliofuata nyota wao mwingine, Kyrie Irving, akachanika kano ya goti. Mtoano hawakufika, na Novemba 2025 Harrison akafukuzwa. Bahati iliwaangukia kwenye bahati nasibu ya drafti, walikokuwa na nafasi ya asilimia 1.8 wakapata namba moja na Cooper Flagg, lakini hiyo huwezi kuiita mipango.

Nimesema mkataba ukiisha mtu ana haki ya kuondoka, na sharti ni aondoke baada ya kuisha kweli. Hapa ndipo kesi ya Kevin Durant inapotakiwa kugawanywa mbili, na kwa kawaida vijiwe vyetu vinamhukumu kwa ile isiyo na hatia.

Julai 2016 aliondoka Oklahoma City kwenda Golden State, timu iliyokuwa imetoka kuwafunga baada ya wao kuongoza kwa michezo 3–1 fainali ya Magharibi. Jezi zake zilichomwa moto. Lakini deni lilikuwa lipi? Alichaguliwa na Seattle mwaka 2007. Baada ya msimu mmoja wamiliki waliihamisha timu yenyewe kutoka Seattle, mji ulioishabikia miaka 41, wakaipeleka Oklahoma. Durant alipakiwa pamoja na mipira. Alicheza misimu tisa kwa jumla, mkataba ukaisha, Oklahoma wakiwa na uwezo wa kumlipa zaidi na kwa muda mrefu zaidi, akaenda anakotaka. Mji uliopata timu kwa kuinyang'anya kwa mji mwingine ndio uliomwita mwizi. Ukipita kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi, na ukikuta jezi ya Thunder namba 35 imening'inia, nunua; ni nzuri na haina laana yoyote.

Kesi ya pili ni Brooklyn. Agosti 2021 alisaini nyongeza ya miaka minne yenye thamani karibu dola milioni 200. Tarehe 30 Juni 2022 akaomba kuhamishwa, na mwaka wa ligi huanza Julai 1. Yaani alitaka kuondoka siku moja kabla mkataba mpya haujaanza kuhesabika. Timu ilikuwa imepanga vitabu vyake kwa saini yake, ikawanyima wengine pesa ilizompa yeye, na sasa ingemtoa ikijulikana nchi nzima kwamba inalazimishwa, hali inayoshusha bei. Huo ndio ninaouita usaliti, kama neno lenyewe lina kazi yoyote katika biashara hii. Mwaka 2016 hana la kujibu. Mwaka 2022 analo.

Ligi inaijua tofauti hii ila inaiadhibu kwa mkono laini. Januari 2019 wakala wa Anthony Davis alitangaza hadharani kwamba mteja wake anataka kuondoka New Orleans huku mkataba ukiendelea. Faini ilikuwa dola 50,000 kwa mtu aliyekuwa akilipwa zaidi ya milioni 25 kwa msimu, na miezi michache baadaye akawa Lakers. Jimmy Butler alisimamishwa na Miami Januari 2025 kwa kususa. Februari akapata Golden State na nyongeza ya miaka miwili juu yake. Kijana yeyote mwenye akili anayetazama anaona kususa kunalipa.

Upande mwingine wa mjadala hutaja majina matatu: Tim Duncan, Kobe, Nowitzki. Misimu 19 San Antonio, 20 Lakers, 21 Dallas. Ni mifano mizuri, mradi isisimuliwe kama hadithi za watakatifu. Duncan mwaka 2000 nusura aende Orlando. Kobe mwaka 2007 aliomba hadharani kuhamishwa. Alitulia Pau Gasol alipoletwa kutoka Memphis Februari 2008, na ubingwa ukaja 2009 na 2010. Walibaki kwa sababu timu ziliwapa sababu. Duncan alikaa kwa kocha mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwaka 2012 akakubali kushuka kutoka zaidi ya milioni 21 kwa msimu hadi chini ya milioni 10 ili wengine walipwe. Nowitzki alifanya vilevile mwaka 2014, milioni 25 kwa miaka mitatu. Anayefanya hivyo anahitaji kuamini kwamba pesa aliyoiachia itanunua mchezaji na haitaishia mfukoni mwa mmiliki. San Antonio waliinunua: ubingwa wa tano wa Duncan ulikuja 2014.

Lakers walimlipa Kobe uaminifu kwa njia ya pili. Aprili 2013 alichanika kano ya kisigino. Novemba, akiwa bado hajarudi uwanjani, wakampa milioni 48.5 kwa miaka miwili. Alicheza michezo sita msimu ule. Lakers walishinda michezo 27, kisha 21, kisha 17. Mimi silaumu, mmiliki ana haki ya kumshukuru mtu aliyemletea mataji matano. Lakini shabiki anayedai timu ziwe na shukrani namna hiyo akumbuke ile 17–65, ushindi 17 na vipigo 65, ndiyo risiti yake.

Na Curry? Mwaka 2012, kwa sababu ya vifundo vya miguu vilivyokuwa vikimsumbua, alisaini miaka minne kwa milioni 44. Alipokuwa mchezaji bora wa ligi 2016 alikuwa akipokea karibu milioni 11.4, chini ya wachezaji wengi wa akiba wa leo. Kiangazi hichohicho kikomo kilirushwa kutoka milioni 70 hadi 94.1 kwa sababu ya mkataba mpya wa televisheni. Bei nafuu ya Curry pamoja na mruko ule ndivyo vilivyofungua mlango wa Durant. Mwaka uliofuata Golden State walimlipa Curry milioni 201, na wakaendelea kulipa kodi za anasa kubwa mno. Uaminifu wake ni wa kweli, ila umepewa mbolea ambayo Portland hawakuwahi kumpa Damian Lillard.

Lillard ndiye anayenisumbua zaidi, kwa kuwa haingii kwenye sanduku lolote. Alikaa Portland misimu 11, alisaini kila alichowekewa, akasema hataki kukimbilia ubingwa wa mkopo. Julai 2023 akachoka, akaomba kwenda Miami na Miami peke yake. Hakuwa na kipengele cha kukataa. Septemba wakampeleka Milwaukee, na kusema kweli Portland walifanya sawasawa: walitafuta mzigo mzuri zaidi. Aprili 2025 kano ya kisigino ikachanika. Julai Milwaukee wakamkata, na namna walivyomkata inafaa kueleweka. Kanuni inaruhusu mshahara uliobaki kutandazwa kwa mara mbili ya miaka iliyobaki kisha kuongeza mmoja. Ilibaki miwili, ikawa mitano: milioni 113 zikageuka takriban 22.5 kwa mwaka, ili nafasi ipatikane ya kumsajili Myles Turner, aliyeiacha Indiana baada ya misimu kumi, wiki chache tu baada ya kucheza fainali. Lillard akarudi Portland kwa miaka mitatu na milioni 42, safari hii na kipengele cha kukataa kuhamishwa kwa maandishi. Amerudi nyumbani, sehemu kubwa ya mshahara wake ikilipwa na Milwaukee, na ile ahadi aliyoitegemea miaka 11 kwa mdomo sasa anayo kwenye karatasi.

Kwa hiyo ukikesha kusubiri mechi ya saa tisa na nusu usiku na habari ya uhamisho ikaingia, angalia kwanza miaka iliyobaki kwenye mkataba. Ukiwa umekwisha, funga mdomo. Ukiwa bado, uliza nani aliyeanza kutaka. Kisha uliza kama timu imekaribia mstari wa pili, kwa sababu mara nyingi jibu lote liko hapo na maneno ya meneja kuhusu utamaduni wa timu ni mapambo.

Kwetu suala hili lina sura ndogo lakini ileile. Mchezaji wa kikapu anayechipukia Arusha au Moshi akifika kiwango huvutwa Dar es Salaam, kwenye timu za majeshi, za vyuo na za taasisi, au akipata bahati, shule za Marekani. Timu iliyomfundisha kupiga chenga inabaki kulalamika kwamba hana shukrani, wakati mara nyingi hakuna hata karatasi moja kati yao. Andikeni, hata ikiwa ukurasa mmoja. Msimu unaanza tarehe ipi na unaisha ipi. Posho ni kwa mazoezi au kwa mechi, na inalipwa siku gani ya wiki. Nauli na chakula cha mechi za nje ya mkoa ni cha nani. Barua ya kumwachia itolewe ndani ya siku ngapi tangu aiombe, siku 14 zinatosha, na timu inayomchukua irudishe nini, iwe mipira mitano au gharama za jezi. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, mzazi asaini. Kifungu kinachosahaulika kuliko vyote ni cha matibabu. Kano ya mbele ya goti ikichanika, kurudi uwanjani ni karibu miezi tisa ya mazoezi ya tiba, mbali na gharama ya picha na upasuaji, na hapo ndipo timu huacha kupokea simu. Kama timu haina uwezo wa kulipia goti, iandike hivyo waziwazi kabla ya mazoezi ya kwanza, ili mzazi ajue mapema kama atamkatia kijana bima.